Hatununui nyumba, tunanunua mifuko ya simenti

Mwezi wa tisa mwaka jana nilimsindikiza jirani yangu kwenda kununua kiwanja mbele ya Kwa Mrombo. Dada huyu anafua mashuka katika hoteli ya watalii, na fedha aliyokuwa nayo kwenye pochi ilikuwa akiba ya miaka minne ya kikoba. Shamba lilikuwa limeshavunwa mahindi, mabua yamelala chini. Dalali akajiandaa kupima kwa miguu, hatua ishirini kwa ishirini. Jirani yangu naye alikuwa amejiandaa: alikuja na kaka yake, kijana mwenye miguu mirefu kuliko sisi sote.

"Kaka dalali, naomba hatua apige huyu kaka yangu."

"Hapana dada. Hatua ni za mwenye shamba."

Wakabishana robo saa nzima. Mwishowe wakakubaliana aitwe mzee wa nyumba ya jirani, asiye na upande, apige yeye. Mzee akapiga hatua zake taratibu, tukachomeka vijiti vinne, kona moja tukaweka jiwe. Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, karatasi ya mauziano ikaandikwa, mashahidi wakasaini, muhuri ukagongwa. Mpima ardhi hakuwepo. Barabara ya kufika pale haikuwepo pia, isipokuwa ahadi ya muuzaji kwamba "tutaacha njia ya gari".

Hivyo ndivyo Arusha inavyojengwa. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninaposikia mjadala wa makazi nafuu katika halmashauri zetu, nasikia habari za mtu mwingine kabisa: mwendelezaji. Mwendelezaji atozwe nini, mwendelezaji apunguziwe nini, mwendelezaji avutiwe vipi. Dada wa mashuka hatajwi, wakati yeye na wenzake ndio waliojenga sehemu kubwa ya jiji hili.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ile ya 2022 ikahesabu 617,631. Watu zaidi ya laki mbili wameongezeka ndani ya miaka kumi, na kila mmoja wao ana mahali anapolala usiku. Wachache wako katika nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa na za kampuni binafsi. Walio wengi wako Muriet, Olmoti, Terrat, Olasiti na Moshono, na nje ya hesabu hiyo wako wale ambao bei za jiji zimewashinda, wakavuka mpaka kwenda Kisongo, Ngaramtoni, Tengeru na Usa River. Nyumba zao zimejengwa na mtu mmoja mmoja, chumba baada ya chumba, kwa mkono wa fundi wa mtaani. Mwaka huu anamwaga msingi, mwaka kesho anapandisha tofali hadi kwenye linta, kisha boma linakaa bila bati misimu miwili mtoto akiwa sekondari. Wengi wetu hatununui nyumba. Tunanunua mifuko ya simenti, mitatu leo, mitano mwezi ujao.

Sasa tutazame huo mjadala wenyewe. Kila msimu wa bajeti madiwani, na sasa ni wale walioingia baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025, hupitisha makisio ya mapato. Upande mmoja wako wanaotaka ada ziongezwe: ada ya kibali cha ujenzi, ada ya kubadili matumizi ya ardhi, gharama za upimaji. Wana sababu. Jiji linahitaji mapato ya ndani, na kila nyumba mpya inadai barabara, mfereji, taa na shule. Upande wa pili wako wajenzi wakubwa wanaotaka punguzo. Nao wana sababu. Mwendelezaji anayejenga nje ya mji huvuta maji mwenyewe, huvuta umeme mwenyewe, huchonga barabara mwenyewe, na gharama yote hiyo humwangukia mnunuzi.

Mfano ulio karibu nasi ni Safari City, mji mdogo wa Shirika la Nyumba upande wa Mateves. Ulikuja na ahadi nzuri: viwanja vilivyopimwa, barabara zenye mpangilio, nyumba za ukubwa mbalimbali. Nimepita pale mara nyingi, na kwa mpangilio wake ni kazi ya kujivunia. Lakini shirika hilo, lililoanzishwa mwaka 1962 ili mwananchi wa kipato cha chini apate pa kuishi, limekuwa likilalamika miaka nenda rudi kwamba miundombinu inayopaswa kujengwa na mamlaka nyingine inabebwa na mradi, kisha inaingia kwenye bei. Hapo mtu wa mshahara mdogo anaachwa njiani.

Tupige hesabu. Serikali imetoa msamaha wa VAT kwa nyumba zinazouzwa na waendelezaji kwa bei isiyozidi shilingi milioni 50. Kwa maana hiyo milioni 50 ndiyo tunayoichukulia kuwa bei ya nyumba nafuu. Mkopo wa nyumba benki kwa kawaida hutozwa riba ya kati ya asilimia 15 na 19. Chukua ile ya chini, asilimia 15, na muda wa miaka 15. Rejesho la milioni 50 linakaribia shilingi 700,000 kila mwezi. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, baada ya nyongeza ya Julai 2025, ni shilingi 500,000. Mtumishi huyo hata asipokula, asipopanda kifodi na asipolipia mtoto sare, hafiki. Ndiyo maana nchi nzima, pamoja na kuwepo sheria ya mikopo ya nyumba tangu 2008, mikopo hiyo bado ni michache mno.

Kwa hiyo punguzo lolote linalotolewa kwenye bei ya nyumba iliyokwisha kujengwa ni punguzo kwa mtu anayeweza kununua nyumba iliyokwisha kujengwa. Sina ugomvi naye. Mwalimu mkuu anahitaji nyumba, daktari anahitaji nyumba. Nasema tu kwamba tusiliite punguzo hilo msaada kwa wanyonge, kisha tukafunga daftari.

Mnunuzi wa mifuko yeye amepata nini? Tangu Julai 2023 kila kilo ya simenti inatozwa ushuru wa shilingi 20, yaani shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50, juu ya VAT iliyokuwepo. Mtu anayejenga vyumba vyake viwili na choo kwa mifuko mia moja amechangia shilingi laki moja ya ushuru huo peke yake. Wenzetu Kenya waliamua kumkata kila mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri wake kiasi hicho hicho, ili serikali ijenge nyumba. Mahakama Kuu yao ikaibatilisha tozo hiyo Novemba 2023, ikarudishwa kwa sheria mpya Machi 2024, na ubishi haujaisha mpaka leo. Lakini Mkenya anaiona kwenye hati yake ya mshahara, anajua inaitwa tozo ya nyumba, anaweza kuuliza nyumba ziko wapi. Sisi ya kwetu tunailipa dukani, pamoja na mchanga na nondo, na haijawahi kuitwa mchango wa makazi.

Najua ushuru wa simenti ni wa serikali kuu. Diwani wa Sombetini hawezi kuufuta. Lakini ada ya kibali iko mikononi mwake, na uzito wa kibali naujua kwa mwili wangu. Nilipojenga nyumba yangu, katika halmashauri ambayo sitaitaja, nilipeleka ramani mapema nikiamini nitapandisha kuta kabla ya masika. Kila nilipokwenda niliambiwa faili liko kwenye meza nyingine. Mwezi wa tatu mvua ikashuka kwenye msingi ulio wazi. Nilikuwa nimenunua simenti kabla haijapanda bei, nimeihifadhi kwenye kibanda cha mabati, na maji yakaingia chini. Mifuko kumi na miwili iligeuka mawe. Fundi wangu aliigonga kwa nyundo mmoja baada ya mwingine, akisikiliza kama kuna wowote uliosalimika, na mlio ulikuwa ule ule. Tuliitumia kuziba korongo la njia.

Mtu anayejua habari hiyo atajenga bila kibali, usiku ikibidi, na atakaa akiogopa siku ya kuchorwa alama nyekundu ya X ukutani. Wengi wanaojenga bila kibali wanakwepa ada kwa kiasi kidogo sana. Wanachokikwepa hasa ni muda, kwa kuwa kwao muda ni simenti inayoganda.

Twende sasa katikati ya mji, maana kuna kundi jingine kubwa ambalo hata mifuko bado. Unga Limited ilipata jina lake kutokana na kiwanda cha kusaga unga, na mpaka leo ni mtaa wa watu wanaofanya kazi kwa miguu: wanatembea kwenda viwandani, sokoni Kilombero, stendi. Ingia katika nyumba moja ya kupanga. Vyumba vinane vimetazamana, katikati ujia wa kupishana watu wawili wakigeuka ubavu. Mwisho wa ujia kuna choo kimoja na bomba moja. LUKU ni moja, na juu yake kuna daftari lililotundikwa kwa kamba, limeandikwa majina na nani kanunua umeme lini. Mwenye friji analipa zaidi, mwenye pasi anagombezwa. Anayetaka chumba hapo humlipa dalali kwanza, kisha mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Sheria ya 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo makubaliano ni ya wawili, mmoja wao akiwa na godoro nje.

Mwenye nyumba niliyemtembelea ni mama wa makamo, mjane. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akaniletea kigoda. Nilikuwa nimekwenda na hasira ya mpangaji wa zamani, nikatoka na mawazo mengine. Mama huyu anataka kuongeza vyoo viwili na kuezeka upya vyumba vya nyuma. Alishauliza gharama. Akijumlisha ramani, kibali na fundi anayetambulika, karatasi peke yake zinakula bati zote za chumba kimoja. Hajapata benki inayomkopesha, kwa sababu hati hana, ana karatasi ya mauziano ya marehemu mumewe. Vivutio vyote vinavyojadiliwa kwa ajili ya wajenzi havimgusi, na huyu ni mjenzi anayelaza familia nane usiku wa leo.

Hapo ndipo msimamo wangu unapokaa. Punguzo lifuate chumba kinachokaliwa na mtu wa kipato kidogo, yeyote aliyekijenga, na tozo ifuate faida inayotokana na ardhi kupanda thamani. Tukishika hilo, hoja nyingi zinazowagonganisha madiwani na wajenzi zinanyooka.

Kwa mama wa Unga Limited maana yake ni kwamba ada ya kibali cha vyumba vidogo vya kupanga, vyenye choo na maji, iondolewe au ibaki ya kuandikia risiti tu. Ofisi ya kata iwe na ramani za mfano za nyumba za vyumba viwili, vinne, sita, zilizokwisha kupitishwa na wahandisi, mtu achague ya kwake aondoke na kibali ndani ya siku zinazojulikana. Naye mama, kwa kupokea nafuu hiyo, aahidi kwa maandishi kupokea kodi ya mwezi kwa mwezi. Ahadi hiyo ingemwokoa yule kijana anayekosa chumba kwa kukosa miezi sita mkononi, hata kama mshahara wake wa mwezi unatosha.

Kwa mwendelezaji mkubwa maana yake ni punguzo lenye masharti yanayopimika. Akitaka kuongezewa ghorofa mahali ambapo mpango unaruhusu tatu, au kusamehewa ada, basi sehemu ya nyumba zake iwe ya kodi iliyokubaliwa, humo humo ndani ya jengo, kwa miaka iliyotajwa. Sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo tunayo tangu 2008, kwa hiyo hata vyumba viwili vya ghorofa ya tatu vinaweza kuwa na hati yake na sharti lake. Asipotimiza, arudishe kila shilingi aliyosamehewa. Boston, kule Marekani, imekuwa ikiwatoza wenye majengo makubwa ya biashara tangu miaka ya 1980 ili fedha iende kwenye makazi ya watu wa kawaida, na wajenzi hawakuuhama mji ule. Wanapojua sharti mapema wanaliweka kwenye hesabu.

Sehemu ngumu ni ardhi, na hapa Meru ardhi ina kumbukumbu. Mwaka 1951 Wameru wapatao elfu tatu waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili mashamba wapewe wakulima wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa kudai haki ya watu wake. Wajukuu wa watu hao wanaishi hadi leo, na ukimwambia mzee wa Akheri kwamba halmashauri inataka tozo kwa kila ardhi inayobadilishwa matumizi, atasikia jambo moja tu. Kihamba chake kimeshagawanywa kwa watoto mpaka kahawa na migomba havina pa kupumua. Akimkatia kijana wake robo ajenge, hilo siyo biashara, na asitozwe chochote.

Tofauti ni pale shamba kubwa linapogeuzwa viwanja mia kwa mkupuo. Bei ya ekari inapanda mara nyingi bila mwenye shamba kupanda hata mche, kwa sababu umma umejenga barabara ya mchepuo, au mradi wa maji wa zaidi ya shilingi bilioni 500 uliogharamiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, au uwanja wa mpira wa AFCON kule Olmoti. Thamani hiyo imeletwa na kodi ya watu wote, na ni haki sehemu yake irudi. Irudi kwenye mfuko wenye jina, usioguswa kwa posho wala kwa mafuta ya magari, utengwe kwa mfereji na barabara za mitaa mipya. Tunajua kutenga. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya usimamizi mbovu, ikarudishwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Funzo la usimamizi tunalo tayari.

Wapo watakaosema mwendelezaji akitozwa Jijini atahamia Arusha DC au Meru. Wana haki ya kusema hivyo, kwa kuwa mpaka wa jiji siku hizi unapita katikati ya mtaa, upande huu nyumba, upande ule nyumba. Dawa yake ni halmashauri zote tatu kukubaliana viwango vya aina moja. Mpango kabambe wa Arusha unaokwenda hadi 2035 ulichorwa ukivuka mipaka hiyo hiyo, maana wapangaji waliona mji ni mmoja. Sheria ndogo nazo zinaweza kuvuka.

Na fedha ya mfereji siyo pambo. Aprili 2024, kule Engosengiu, gari la shule lilisombwa na maji asubuhi, watoto wakafa. Kule wanakaa watu kama jirani yangu, waliojenga pale walipoweza. Mwaka 2013 machimbo ya moramu Moshono yaliporomoka, yakaua zaidi ya watu kumi waliokuwa wakichimba kifusi cha ujenzi. Unafuu wa nyumba zetu kuna watu wanaulipia, na hawamo kwenye makisio ya bajeti yoyote. Ndiyo maana nakasirika nikisikia neno vivutio likitamkwa kwa wepesi, bila kuuliza anavutiwa nani, kwenda wapi, na maji ya mvua yatapita wapi.

Kiwanja cha hatua ishirini kwa ishirini bado kina vijiti vyake vinne. Mpima ametajwa, bei yake imeulizwa. Jirani yangu ana tabia ya kugeuza kila gharama kuwa mifuko: mpima ni mifuko kadhaa, ramani ni mifuko kadhaa, kibali nacho hivyo hivyo. Mifuko yake halisi, tisa, iko barazani kwangu, imepangwa juu ya mbao na kufunikwa turubai. Wiki iliyopita alitoka zamu ya usiku akaja kuigeuza ya chini iwe juu, kama fundi alivyomwelekeza, huku akiitazama Meru iliyofungwa mawingu. Akaniuliza, "Kaka, kibali nikiomba leo, masika yatanikuta?"

Nikamwambia asinunue wa kumi kwanza.